Mtoto wa jicho: Jinsi ya kuchagua lenzi kwa mgonjwa mwenye astigimatizimu

MGONJWA anayearifiwa kwamba ana mtoto wa jicho aghalabu huwa na hofu moja kuu, nayo ni kisu. Akishatulizwa kwamba upasuaji wenyewe hauchukui muda mrefu na kwamba huenda akarejea nyumbani siku iyo hiyo, hudhani jambo gumu limekwisha. Kumbe lipo swali jingine linalomsubiri mezani pa daktari, na jibu lake ndilo litakaloamua jinsi atakavyouona ulimwengu kwa miaka yote iliyosalia: Je, atawekewa lenzi gani?

Kwa watu wengi swali hilo si gumu. Hata hivyo, kwa yule ambaye pamoja na mtoto wa jicho ana astigimatizimu, yaani kasoro ya mpindo wa kioo cha mbele cha jicho, uamuzi huo huhitaji utaratibu. Akiwekewa lenzi ya kawaida pasipo kuelezwa lolote, huenda ukungu ukamtoka lakini herufi na taa zikabaki na vivuli, naye pamoja na jamaa zake waliochanga pesa wakaamini kwamba upasuaji haukufaulu. Kwa upande mwingine, akishawishiwa kununua lenzi ya bei ghali ambayo jicho lake haliwezi kufaidika nayo, atakuwa ametumia fedha nyingi kununua masikitiko.

Lenzi inayowekwa ndani ya jicho hukusudiwa kukaa humo maishani. Ndiyo maana wataalamu wa macho husisitiza kwamba uchaguzi wake uanze na vipimo na mahitaji ya mgonjwa, wala si orodha ya bei.

Kasoro mbili, vioo viwili

Ili kuufahamu uamuzi huu, ni sharti kwanza ieleweke kwamba jicho lina vioo viwili vinavyosaidiana. Cha kwanza ni konea, kile kioo kiangavu kilicho mbele kabisa, ambacho hufanya takriban thuluthi mbili za kazi ya kupinda mwanga. Cha pili ni lenzi ya asili iliyo nyuma ya mboni, ndani ya kifuko chembamba. Kwa pamoja huukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopeleka habari kwenye ubongo.

Mtoto wa jicho hutokea pale lenzi ya asili inapopoteza uangavu wake na kuingia ukungu. Uzee ndio chanzo kikuu, ingawa kisukari, majeraha ya jicho, uvutaji wa sigara, miale mikali ya jua na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huweza kuuharakisha ugonjwa huu. Hakuna dawa ya matone, tembe wala mitishamba iliyothibitishwa kuuondoa. Tiba yake ni upasuaji.

Katika ripoti yake ya mwaka wa 2019 kuhusu uwezo wa kuona, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana matatizo ya kuona, na kwamba angalau bilioni moja miongoni mwao wana matatizo ambayo yangeweza kuzuiwa au ambayo bado hayajashughulikiwa. Mtoto wa jicho ni mojawapo ya sababu kuu katika kundi hilo.

Astigimatizimu, kwa upande wake, haihusiani na ukungu. Ni suala la umbo. Konea ya kawaida hukaribia kuwa na mpindo ulio sawa pande zote, mithili ya kipande cha mpira wa kandanda. Konea yenye astigimatizimu hufanana zaidi na mgongo wa kijiko: imepinda sana upande mmoja, na upande mwingine imelala kidogo. Kwa sababu hiyo mwanga hautui mahali pamoja. Mstari wa wima waweza kuonekana sawasawa ilhali wa ulalo umefifia, herufi hupata vivuli, na taa za magari usiku hutoa miale mirefu.

Miwani ya zamani yaweza kupotosha

Mwanasayansi Mwingereza Thomas Young ndiye aliyeieleza kasoro hii mwaka wa 1801, baada ya kuipima katika jicho lake mwenyewe. Katika majaribio yake alilizamisha jicho majini ili kuiondolea konea nguvu zake, akagundua kwamba kasoro bado ipo. Kwake yeye, basi, chanzo hakikuwa konea bali lenzi iliyo ndani. Takriban robo karne baadaye, mwaka wa 1825, mwenzake George Airy alibuni miwani ya kurekebisha astigimatizimu ya jicho lake.

Ugunduzi wa Young una maana kubwa kwa mgonjwa wa leo. Astigimatizimu inayoandikwa kwenye cheti cha miwani ni jumla ya ile ya konea na ile ya lenzi ya asili. Upasuaji huiondoa lenzi ya asili pamoja na kasoro zake zote, lakini konea hubaki. Kwa hivyo, mtu aliyevaa miwani mizito ya astigimatizimu kwa miaka 20 anaweza kupatikana kwamba konea yake haina tatizo la kutaja. Mwingine ambaye hajawahi kuambiwa ana kasoro hiyo anaweza kuipata baada ya upasuaji, kwa kuwa lenzi yake ya asili ndiyo iliyokuwa ikiificha ile ya konea.

Funzo hapa ni kwamba lenzi ya kupandikiza haichaguliwi kwa kuangalia miwani. Huchaguliwa kwa kuipima konea yenyewe.

Vipimo hivyo hutoa majibu mawili. La kwanza ni kiasi cha kasoro, ambacho huhesabiwa kwa kizio kiitwacho dayopta. La pili ni mhimili, yaani mwelekeo wa mpindo, ambao husomwa kwa digrii kuanzia 0 hadi 180. Watu wengi walio na kasoro isiyozidi nusu dayopta hawaitambui. Kuanzia dayopta moja hivi kwenda juu, madaktari wengi hulifikiria suala la kuirekebisha. Utafiti uliofanywa katika mataifa mbalimbali umeonyesha kwamba takriban thuluthi moja au zaidi ya wagonjwa wa mtoto wa jicho wana angalau dayopta moja ya astigimatizimu ya konea.

Aidha, mwelekeo wa mpindo hubadilika na umri. Vijana wengi wenye kasoro hii huwa na konea iliyopinda zaidi kwa wima. Kadiri miaka inavyosonga, mpindo huelekea kugeuka na kuwa wa ulalo. Isitoshe, konea ina uso wa nyuma ambao nao huchangia kiasi kidogo cha kasoro. Daktari anayepima uso wa mbele pekee na kupuuza wa nyuma anaweza kurekebisha kupita kiasi kwa mgonjwa mmoja na kupunguza mno kwa mwingine. Ndiyo sababu mashine na kanuni za kisasa za hesabu huzingatia nyuso zote mbili.

Maandalizi kabla ya kupimwa

Kipimo kibaya huzaa lenzi mbaya, hata kama mkono wa mpasuaji ni hodari. Mgonjwa anayevaa lenzi za kubandika juu ya jicho hutakiwa kuacha kuzivaa kwa muda kabla ya kupimwa, kwa sababu hubadilisha umbo la konea. Zile laini huhitaji wiki moja au mbili, na ngumu huhitaji wiki kadhaa.

Macho makavu pia huvuruga vipimo, hivyo hufaa yatibiwe kwanza. Jambo jingine, ambalo ni la kawaida katika nchi za jua kali na vumbi, ni kile kijinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa polepole juu ya konea. Kijinyama hicho huivuta konea na kuleta astigimatizimu. Kikiwa kikubwa, huondolewa kwanza, kisha mgonjwa husubiri mwezi mmoja au zaidi hadi konea itulie ndipo apimwe upya. Akiwekewa lenzi ya kurekebisha kasoro kabla ya hapo, kijinyama kitakapoondolewa vipimo vyote vitakuwa vimebadilika.

Kuchelewa kupita kiasi nako kuna madhara. Mtoto wa jicho akishakomaa na kuwa mzito, mashine zinazotumia mwanga kupima urefu wa jicho hushindwa kupenya, na daktari hulazimika kutumia mawimbi ya sauti ambayo usahihi wake hutegemea zaidi ustadi wa mpimaji.

Lenzi ilivyozaliwa vitani

Kabla ya katikati ya karne iliyopita, aliyeondolewa lenzi yenye ukungu hakuwekewa nyingine. Alivaa miwani minene mno, ambayo ilikuza vitu na kubana uwanja wa kuona.

Mabadiliko yaliletwa na daktari Mwingereza Harold Ridley. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, aliwatibu marubani ambao vipande vya plastiki kutoka vifuniko vya ndege vilikuwa vimepenya machoni mwao. Alitambua kwamba jicho halikuvikataa vipande hivyo. Mnamo Novemba 29, 1949, katika Hospitali ya St Thomas' jijini London, aliweka lenzi ya plastiki ya aina hiyo ndani ya jicho la mgonjwa. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi. Mwaka wa 2000, akiwa mkongwe, alipewa hadhi ya Sir, na akafariki mwaka uliofuata.

Mnamo 1967, daktari Mmarekani Charles Kelman alianzisha mbinu ya kuivunjavunja lenzi yenye ukungu kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza kupitia tundu dogo. Mbinu hiyo huitwa fako. Baadaye zikaja lenzi laini zinazokunjwa na kupitishwa katika mkato wa milimita mbili au tatu. Lenzi za kwanza za kurekebisha astigimatizimu zilianza kutumiwa katika miaka ya 1990.

Aina za lenzi

Lenzi zinazopatikana leo zaweza kugawanywa katika makundi makuu matatu.

Kundi la kwanza ni lenzi ya kawaida ya umbali mmoja. Hii humwezesha mgonjwa kuona vyema katika umbali uliochaguliwa, ambao kwa wengi ni wa mbali. Atahitaji miwani ya kusomea. Ikiwa konea yake ina astigimatizimu, kasoro hiyo itabaki na kurekebishwa kwa miwani. Hii ndiyo lenzi inayotumika zaidi, na kwa mgonjwa ambaye haoni ubaya wa kuvaa miwani hana sababu ya kujihisi amepewa kitu duni. Miwani iliyopimwa vizuri inaweza kumpa uwezo mzuri wa kuona, na ina faida moja ambayo lenzi ya ndani haina: ikikosewa, hubadilishwa.

Kundi la pili ni lenzi ya toriki. Hii imetengenezwa ikiwa na nguvu tofauti katika mihimili miwili, ili mpindo wake upingane na ule wa konea na kuubatilisha. Pembeni ina alama ndogo ambazo daktari huzilinganisha na mhimili wa jicho. Kwa mwenye kasoro ya dayopta moja na nusu, mbili au zaidi, lenzi hii huweza kumpa uwezo wa kuona mbali bila miwani. Lakini ni muhimu kutahadharisha hapa: lenzi ya toriki ya umbali mmoja haimwondolei mgonjwa miwani ya kusomea. Wengi hulipa pesa zaidi wakidhani wameagana na miwani ya kila aina, kisha hushangaa wanaposhindwa kusoma ujumbe kwenye simu.

Kundi la tatu ni lenzi ya masafa mengi, inayougawa mwanga ili mtu aone mbali na karibu. Huweza kupunguza sana utegemezi wa miwani, ila mwanga unaogawanywa hupunguza ukolezi wa picha, na usiku baadhi ya watu huona duara za mwanga kuzunguka taa. Lenzi hii haivumilii astigimatizimu iliyosalia, kwa hivyo mwenye kasoro hiyo hulazimika kupata ile iliyounganishwa na toriki. Wagonjwa wenye glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, au walioharibika retina kutokana na kisukari, kwa kawaida hushauriwa waiepuke. Kati ya makundi haya zipo lenzi zinazorefusha masafa ya kuona kwa kiasi, zenye duara chache za mwanga lakini zisizotosha kusomea maandishi madogo.

Digrii chache, hasara kubwa

Ubora wa lenzi ya toriki hutegemea kitu kimoja kuliko vyote: kukaa kwenye mhimili wake. Ikihama kwa digrii moja, hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu zake za kurekebisha. Ikihama digrii 10, thuluthi moja ya faida hupotea. Ikifika digrii 30, ni kana kwamba haikuwekwa kwa lengo hilo, na ikipita hapo huongeza kasoro badala ya kuipunguza.

Kwa sababu hii daktari huutia alama mhimili wa jicho mgonjwa akiwa ameketi wima, kwa kuwa jicho huzunguka kidogo mtu anapolala chali. Baadhi ya vituo hutumia kamera na kompyuta kuonyesha mhimili huo wakati wa upasuaji.

Lenzi ikizunguka, aghalabu hufanya hivyo katika saa na siku za mwanzo. Mgonjwa akirudi kukaguliwa mapema, daktari anaweza kuirejesha mahali pake kwa upasuaji mfupi katika wiki chache za kwanza, kabla kifuko cha lenzi hakijaishikilia. Asiyerudi kukaguliwa hujinyima nafasi hiyo.

Wasiofaa kuwekewa toriki

Si kila astigimatizimu hurekebishwa kwa lenzi hii. Lenzi ya toriki hufaa pale ambapo mpindo una utaratibu, yaani mihimili miwili iliyo wazi. Konea yenye kovu, liwe la jeraha, kidonda au trakoma, huwa na mabonde na vilima visivyo na mpangilio ambavyo lenzi haiwezi kuvifuata. Hali kadhalika, ugonjwa wa keratokonasi, ambapo konea hukonda na kuchomoza mfano wa pia, huhitaji uangalifu mkubwa, na mara nyingi toriki haifai ikiwa ugonjwa bado unaendelea.

Vilevile, lenzi hii huhitaji kifuko kizima na nyuzi imara za kukishikilia. Kifuko kikichanika wakati wa upasuaji, daktari mwaminifu huiacha toriki na kutumia lenzi nyingine. Mgonjwa anafaa kuelezwa uwezekano huo mapema, na kuuliza nini kitatendeka kuhusu tofauti ya malipo.

Ikiwa retina au mshipa wa jicho umeharibika, kurekebisha astigimatizimu kwa gharama kubwa huenda kusilete mabadiliko anayoyatarajia. Uchunguzi wa nyuma ya jicho, basi, hautakiwi kuachwa hadi baada ya malipo.

Mkato nao hubadilisha mpindo

Mbinu ya upasuaji ina nafasi yake katika hesabu hii. Katika hospitali nyingi za Afrika na Asia, madaktari hutumia mbinu ya mkato mdogo wa mkono, ambayo haihitaji mashine ya fako. Lenzi yenye ukungu hutolewa nzima kupitia mkato wa milimita sita hivi au saba unaojifunga wenyewe bila kushonwa. Mbinu hii ni ya gharama nafuu, hufaa sana kwa mtoto wa jicho aliyekomaa, na matokeo yake ni mazuri mikononi mwa mpasuaji mzoefu.

Lakini kila mkato huilaza konea kidogo upande ule uliokatwa. Mkato uliofanywa juu ya jicho hupunguza mpindo wa wima, na uliofanywa pembeni, upande wa sikio, hupunguza ule wa ulalo. Kwa mzee ambaye konea yake imepinda kwa ulalo, mkato wa juu huenda ukamwongezea astigimatizimu, ilhali wa pembeni ukampunguzia. Hivyo basi, hata pasipo lenzi ya toriki, daktari anayepima kabla ya kukata anaweza kumpa mgonjwa nafuu bila shilingi moja ya ziada. Wapo pia wanaoongeza mikato midogo kwenye ukingo wa konea ili kuilegeza, ingawa matokeo yake hayatabiriki kwa usahihi wa toriki.

Kazi ya mgonjwa iwe kipimo

Baada ya vipimo vya mashine, kipimo kinachobaki ni maisha ya mgonjwa mwenyewe. Dereva wa matatu ya usiku kati ya Nakuru na Nairobi mwenye dayopta mbili za astigimatizimu ana sababu nzuri ya kuitafakari toriki ya umbali mmoja, kwa kuwa taa zenye miale mirefu ni hatari kwake na kwa abiria. Kwa dereva huyo huyo, lenzi ya masafa mengi yenye duara za mwanga yaweza kuwa kosa.

Fundi wa cherehani ambaye tangu ujanani amekuwa haoni mbali lakini hutunga uzi bila miwani, anaweza kuhuzunika akibadilishwa ghafla awe mtu wa kuona mbali. Huenda akapendelea lenzi iliyowekwa kwa umbali wa karibu, kisha avae miwani anapotoka. Ajuza anayetaka tu kuwatambua wajukuu, kufika kwenye zizi bila kushikwa mkono na kusoma kitabu cha dini kwa miwani, mara nyingi hutoshelezwa kabisa na lenzi ya kawaida.

Daktari hawezi kuyajua hayo asipoelezwa. Mgonjwa anayejibu kila swali kwa "wewe ndiwe daktari" humwachia mwenzake aamue juu ya kazi asiyoijua.

Suala la gharama

Lenzi ya toriki huwa ghali kuliko ya kawaida, na ile ya masafa mengi iliyounganishwa na toriki huwa ghali zaidi. Hata hivyo, lenzi ya kawaida imeshuka bei mno tangu miaka ya 1990, viwanda kama vile Aurolab cha Madurai, India, na vile vilivyoanzishwa Asmara nchini Eritrea na Kathmandu nchini Nepal kwa msaada wa wakfu wa marehemu Fred Hollows, vilipoanza kutengeneza lenzi za bei nafuu kwa mataifa yanayostawi.

Nchini Kenya, upasuaji wa mtoto wa jicho hufanywa katika hospitali za umma, za kimishonari na za kibinafsi. Vituo vilivyojijengea jina katika tiba ya macho ni pamoja na Hospitali ya PCEA Kikuyu, Hospitali ya Macho ya Lions SightFirst mtaani Loresho, Nairobi, Hospitali ya Macho ya Sabatia katika Kaunti ya Vihiga na Kituo cha Macho cha Kwale. Katika kambi za matibabu ya bure, lenzi inayowekwa kwa kawaida ni ile ya umbali mmoja.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), wagonjwa wanafaa kuuliza mapema ni sehemu gani ya upasuaji inayolipiwa, na iwapo wao wenyewe watalipa tofauti ya bei wakichagua lenzi isiyo ya kawaida. Swali hilo huulizwa kabla ya kulazwa, si wakati wa kuondoka.

Kosa kubwa zaidi ni kukaa gizani kwa mwaka mzima jamaa wakichangia toriki, ilhali lenzi ya kawaida na miwani vingemrejesha mgonjwa shambani au kazini mwezi huo. Asiyeona huanguka, huungua, huacha kazi na mara nyingi humtoa mtoto shuleni awe wa kumshika mkono. Faida kubwa ya upasuaji huu ni kuondolewa kwa ukungu, na hiyo hupatikana kwa lenzi yoyote iliyopimwa vyema.

Maswali ya kumuuliza daktari

Kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini, mgonjwa au jamaa yake anafaa kupata majibu ya maswali yafuatayo:

1. Konea yangu ina dayopta ngapi za astigimatizimu, na mhimili wake uko wapi?

2. Je, vipimo vilirudiwa, na vikapatana?

3. Mpindo wangu una utaratibu, au kuna kovu, kijinyama au ugonjwa wa konea?

4. Retina na mshipa wa jicho viko katika hali gani?

5. Nikiwekewa lenzi ya kawaida, nitahitaji miwani ya aina gani? Na nikiwekewa toriki?

6. Mkato utafanywa upande gani, na utaathiri vipi mpindo?

7. Lenzi ikizunguka, itarekebishwa lini na kwa gharama ya nani?

8. Kifuko kikichanika, lenzi ipi itatumika badala yake?

Baada ya kuwekewa lenzi

Mgonjwa hupewa dawa za matone za kutumia kwa wiki kadhaa, na hukatazwa kulisugua jicho au kuliingiza maji machafu na sabuni. Miwani ya kudumu kwa kawaida hupimwa baada ya wiki nne hadi sita, jicho likishatulia. Anayekimbilia kununua miwani wiki ya kwanza huenda akalazimika kununua nyingine.

Maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka au uwezo wa kuona unaopungua ghafla katika siku za kwanza ni dalili za hatari, hasa ya maambukizi ndani ya jicho. Hali hiyo haingoji tarehe ya kliniki. Mgonjwa anapaswa kurudi hospitalini siku iyo hiyo. Vimulimuli vipya vya mwanga, madoadoa meusi mengi au pazia jeusi machoni pia ni sababu ya kuharakisha, kwa kuwa retina huenda imebanduka.

Miezi au miaka baadaye, baadhi ya watu huona ukungu ukirejea. Huyu si mtoto wa jicho mpya, kwani lenzi ya kupandikiza haiingii ukungu huo. Ni kifuko kilicho nyuma yake kinachofifia, na hufunguliwa kwa leza katika muda wa dakika chache, bila kuigusa lenzi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mgonjwa aliyepimwa konea, akaeleza kazi yake na kufahamu atakachopata na atakachokosa, ataridhika na lenzi yake, iwe ni ya toriki au ile ya kawaida iliyosaidiwa na miwani.